Padrón, Mji Uliobakiwa na Jiwe

Kila mwaka mamia ya maelfu ya watu hutembea kwa miguu kwenda Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, kuzuru kaburi linaloaminiwa kuwa la Mtakatifu Yakobo, yule mtume ndugu yake Yohane. Wengi wanaotokea upande wa Ureno hulala Padrón usiku wa mwisho wa safari yao. Hufika alasiri wakichechemea, hufua soksi, hula, hulala. Kabla jua halijachomoza wameshashika njia. Mimi nilifanya kinyume chao. Nilikwenda Padrón kukaa, Santiago nikaiacha iwe ya kupitia wakati wa kurudi. Wenyeji walinishangaa kwanza, kisha wakafurahi. Wao husema kwamba aliyefika Santiago asifike Padrón, hija yake ina walakini, na nilivyowaelewa, kauli hiyo inatoka kwa watu waliochoka kuwa njia ya wengine.

Eneo lote hili ni Galicia, ile pembe ya Hispania iliyokaa juu ya Ureno. Ni nchi ya mvua na kijani kibichi, ng'ombe, mahindi, na nyumba za granaiti. Lugha yao, Kigalisia, ni ndugu wa damu wa Kireno, na baharia wao unaweza kumkuta katika bandari yoyote duniani. Padrón ni mji mdogo, wakazi wake ni kama 8,000, kiasi cha kilomita 20 kutoka Santiago, pale mto Sar unapokaribia kumwaga maji yake katika mto mkubwa zaidi, Ulla. Nilifika mwanzoni mwa Agosti, mwezi ambao hata Galicia hukauka kidogo.

Pontecesures

Niliingia kwa daraja. Pontecesures ni kijiji cha ng'ambo ya Ulla, na daraja lake la mawe ndilo mpaka: huku nyuma yako mkoa wa Pontevedra, kule mbele A Coruña. Watu walivuka hapa tangu enzi za Warumi. Nilisimama katikati kutazama maji, yalikuwa yakipwa, na kingo zilikuwa zimeanza kuonyesha matope meusi yanayong'aa. Bahari haionekani kutoka hapo, lakini harufu ilikuwa ile ile ya mikokoni kwetu maji yanapotoka. Hori la Arousa liko chini huko, na maji yake hupanda na kushuka hadi hapa darajani.

Zamani yalipanda zaidi. Meli za Warumi, na baada yao meli za Zama za Kati, ziliingia hadi Padrón kwenyewe na kufunga kamba pale ambapo leo watu huegesha magari. Askofu mkuu Diego Xelmírez, yule mtu wa karne ya 12 aliyeifanya Santiago kuwa Santiago, alimleta fundi kutoka Genova amjengee mashua za vita hapa, maana maharamia walikuwa wakipora pwani wapendavyo. Kisha mto ukaleta mchanga na tope mwaka baada ya mwaka, mkondo ukapungua kina, bandari ikafa bila mtu kuiua. Huo ndio msiba wa kwanza wa Padrón, na haukuwa wa mwisho.

Nilikosa jambo moja la Ulla: samaki aitwaye lamprei, ambaye msimu wake ni majira ya baridi hadi mwanzo wa masika. Ana umbo la mkunga, hana taya, mdomo wake ni duara la meno. Karibu na kijiji cha Herbón bado yako mabwawa ya mawe ya kale ya kumtegea, na hupikwa ndani ya damu yake mwenyewe pamoja na mvinyo, na kuliwa pamoja na wali. Mzee mmoja kwenye baa ya daraja alinieleza mapishi hayo kwa mikono yote miwili, akamalizia kwa kuniambia nirudi Februari. Kwa jinsi alivyoieleza ile damu inavyokolea, sikuona kama nimekosa sana.

Chini ya madhabahu

Mjini Padrón kwenyewe, Kanisa la Mtakatifu Yakobo liko ukingoni mwa Sar, hatua chache kutoka daraja la mto huo. Jengo lenyewe ni la karne ya 19, la kawaida tu, na ungepita bila kugeuka kama usingejua kilichomo. Ndani, chini ya madhabahu kuu, kuna uwazi, na ndani ya uwazi huo limesimama jiwe.

Hadithi yake inajulikana na kila mtoto wa hapa. Yakobo alikatwa kichwa Yerusalemu kwa amri ya Herode Agripa, kama mwaka 44. Wanafunzi wake wawili, Atanasio na Teodoro, wakauchukua mwili wakaupakia chomboni. Wengine husema chombo hicho kilikuwa cha mawe, hakina tanga wala usukani, malaika ndiye nahodha. Kwa siku saba kikaikata bahari yote ya kati, kikatoka mlango wa Jibralta, kikapanda pwani ya Ureno, kikaingia hori la Arousa na kupanda mto hadi hapa, kikafungwa kamba kwenye nguzo ya mawe. Nguzo hiyo ndiyo hii, na mji ukapata jina kutokana nayo.

Niliinama, kisha nikapiga magoti kabisa ili nione vizuri. Ni granaiti ya kijivu, imesuguliwa na mikono ya watu hadi kingo zimelainika. Kuna herufi za Kilatini zilizochongwa, chache na zilizolika. Wasomi wanasema ni madhabahu ya Kirumi iliyotolewa kwa Neptuno, mungu wa bahari. Yaani mabaharia wa Iria, mji wa kale wa jirani, walimshukuru mungu wao hapa karne nyingi kabla mtu hajasikia habari za chombo cha mawe. Kanisa halikulivunja wala kulificha, lililikalia. Sarafu kadhaa zilikuwa zimetupwa miguuni pake. Bibi mmoja aliyekuwa akibadilisha maua altareni alinitazama nilivyokuwa nikijaribu kusoma zile herufi.

"Usijisumbue, mwanangu," akaniambia. "Maprofesa wenyewe bado wanagombana. Liguse tu."

Nikaligusa. Lilikuwa baridi, la unyevunyevu kidogo.

Ng'ambo ya daraja, chini ya ngome ya kanisa la Wakarmeli lililokaa juu ya mwamba kama limewekwa rafuni, kuna chemchemi ya karne ya 16. Juu ya mabomba yake hadithi imeendelezwa kwa mchongo: chombo na mwili ndani yake, na Malkia Lupa akibatizwa. Lupa ndiye aliyekuwa mwenye nchi. Wanafunzi walipomwomba mahali pa kuzika, akawatuma mlimani wakachukue ng'ombe wa kukokota gari, akijua wale si ng'ombe wa kufugwa bali mafahali wa porini. Mafahali wakawa wapole, wakafungwa nira, wakavuta gari hadi pale waliposimama wenyewe. Na waliposimama si hapa. Ni huko ambako baadaye paliitwa Compostela. Nilikunywa maji ya chemchemi nikifikiri kwamba hata mafahali waliiruka Padrón.

Santiaguiño

Kutoka chemchemini ngazi za mawe hupanda mlima kati ya nyua za mizabibu. Jioni ile nilipanda polepole, nikipita ghala za mahindi zinazoitwa hórreo, vihenge vya granaiti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kila nguzo ikiwa na kisahani cha jiwe kichwani ili panya akifika hapo akwame. Nyingi sasa ni tupu. Katika mojawapo mtu alikuwa ameweka baiskeli.

Kileleni kuna kanisa dogo, msalaba, na rundo la majabali ambapo yasemekana Yakobo alihubiri alipokuwa hai. Sanamu yake ndogo imesimama juu ya jiwe, na watu wamempa jina la mapenzi, Santiaguiño, Yakobo mdogo wa mlimani. Mahujaji wa zamani walipenya kwa matumbo chini ya majabali hayo, kwa imani kwamba mtume alipita humo akiwakimbia waliotaka kumpiga mawe. Tarehe 25 Julai, sikukuu yake, mlima wote hujaa watu, vyakula na zumari. Nilipofika mimi kulikuwa na kijana mmoja na mbwa wake. Bonde lililala chini yetu: Sar, reli, mashamba ya pilipili, na mbali kidogo kanisa la Iria.

Iria Flavia

Kesho yake nilikwenda Iria kwa miguu, mwendo wa robo saa kando ya barabara kuu. Padrón ya leo ni mtoto wa Iria. Warumi waliuheshimu mji huu kwa kuupa jina la ukoo wa watawala wa Flavi, na tangu karne ya 6 Iria ilikuwa na askofu wake. Mmoja wa maaskofu hao, Teodomiro, ndiye aliyetangaza katika karne ya 9 kwamba kaburi la Yakobo limeonekana msituni. Kwa muda mrefu wanahistoria walishuku kwamba Teodomiro ni mtu wa kutungwa. Mwaka 1955, wachimbaji chini ya kanisa kuu la Santiago walikuta jiwe la kaburi lake, lina jina lake na mwaka wa kifo, 847. Askofu wa Iria alizikwa kule, si kwao.

Wengine walimfuata. Kila aliyekaa kwenye kiti cha Iria alitumia siku zake nyingi zaidi Compostela, karibu na kaburi na karibu na sadaka. Mwaka 968 askofu Sisnando aliuawa vitani na Wavikingi waliokuwa wamepanda hori. Mwaka 997 akaja Al-Mansur, waziri mkuu wa Kordoba, akaichoma Compostela na hakuiacha Iria. Kengele za kanisa la Yakobo zikabebwa na mateka hadi Kordoba, zikafanywa taa za msikiti. Ferdinando wa Tatu alipoitwaa Kordoba mwaka 1236, alizirudisha kengele zile kwa njia ile ile, safari hii juu ya mabega ya mateka Waislamu. Lakini kabla ya kengele kurudi, mwaka 1095, Papa Urbano wa Pili aliuhamisha rasmi uaskofu kutoka Iria kwenda Compostela. Iria ikabaki na kanisa, makaburi, na sifa ya kuwa mama.

Kanisa la Santa María limezungukwa na makaburi ya Adina. Baadhi ya majeneza ya mawe yaliyotapakaa uani ni ya kale mno, na wenyeji hukwambia bila kupepesa macho kwamba maaskofu 28 wamelala humo. Nilikuja kutafuta kaburi moja jipya. Liko chini ya mzeituni: Camilo José Cela, mwandishi wa riwaya, aliyezaliwa hapa Iria mwaka 1916, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1989, akafa Madrid mwaka 2002. Cela alikuwa mtu wa ulimi mkali na ugomvi mwingi. Mamake alikuwa na damu ya Kiingereza na Kiitaliano, ukoo wa wakubwa wa reli, na reli yenyewe, ya kwanza Galicia yote, ilipita hapa ikiunganisha Santiago na bandari ya Carril tangu mwaka 1873. Ng'ambo ya barabara, katika nyumba zilizokuwa za makasisi wa Iria, Cela alianzisha taasisi yake na kuipa kila alichokuwa nacho: miswada ya riwaya zake, barua, vitabu, nishani ya Nobel. Mtu angeweza kusema ni kujipenda. Mimi niliona jambo jingine. Katika watu wote mashuhuri wa bonde hili, huyu mmoja alihakikisha kwamba akishakufa hakuna atakayempakia garini kumpeleka Santiago.

A Matanza

Rosalía de Castro hakuwa na bahati hiyo.

Nyumba yake iko kijijini A Matanza, karibu kabisa na stesheni ya treni, ni ya mawe, ghorofa moja, na mbele yake bustani yenye mtini. Nilikaa humo karibu alasiri nzima. Kwa Wagalisia, Rosalía ni zaidi ya mshairi. Alizaliwa Santiago mwaka 1837; mamake alikuwa binti wa ukoo wenye heshima, babake alikuwa padri, kwa hiyo cheti cha ubatizo kikaandikwa kwamba wazazi hawajulikani. Wakati huo Kigalisia kilikuwa lugha ya jikoni na shambani. Kwa karne kadhaa hakuna aliyeona kinafaa kitabuni. Mwaka 1863 Rosalía alitoa Cantares gallegos, kitabu kizima cha mashairi kwa lugha ya wafuaji na wavuvi. Miaka 100 baadaye, tarehe 17 Mei ikafanywa siku ya fasihi ya Kigalisia, na hadi leo shule hufungwa siku hiyo. Mwaka 1979 uso wake ulichapwa kwenye noti ya peseta 500.

Lakini kilichonishika mimi ni kitabu chake cha 1880, Follas novas. Galicia ilikuwa maskini, wanaume walikuwa wakipanda meli kwenda Kuba na Ajentina, wengi hawakurudi, wengine hata barua hawakutuma. Rosalía akaandika sehemu nzima juu ya wanawake waliobaki, akawaita wajane, wa waume waliokufa na wa waume walio hai. Yeyote aliyepata kuishi kwenye kijiji ambacho vijana wake wote wako mjini, au mji ambao vijana wake wote wako Ughaibuni, hahitaji kuelezwa mjane wa mume aliye hai ni nani.

Jikoni kuna jiko la mawe la zamani, kubwa kiasi cha kukalia pembeni yake, sufuria zimening'inizwa, benchi la mbao limesuguliwa kwa makalio ya vizazi. Juu kuna chumba alimofia tarehe 15 Julai 1885, kwa saratani ya kizazi, akiwa na umri wa miaka 48. Aliagiza miswada yake isiyochapwa ichomwe, na watoto wake wakaichoma. Inasimuliwa kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa ombi: afunguliwe dirisha, anataka kuiona bahari. Nilikwenda dirishani. Kuna bustani, ukuta, miti, paa la jirani. Bahari haijawahi kuonekana kutoka A Matanza.

Alikuwa ametaka azikwe Adina, na akazikwa Adina. Haikufika miaka sita. Mwaka 1891 mifupa yake ilifukuliwa, ikapelekwa Santiago kwa heshima kubwa, ikawekwa katika kanisa la Bonaval, ambako leo wamelala pia wakubwa wengine wa Galicia. Mwanamke aliyekuwa zamu katika duka la vitabu la nyumba ile nilimuuliza alionaje jambo hilo. Aliinua mabega.

"Bwana, hapa kwetu ni hivyo. Kikiwa kizuri, kinakwenda juu," akasema, akaonyesha kaskazini kwa kidevu.

Herbón

Jumamosi ya kwanza ya Agosti ni siku ya pilipili. Sherehe hufanyika Herbón, kilomita chache kutoka mjini, kwenye msitu wa mialoni kando ya nyumba ya watawa Wafransisko. Watawa hao ndio waliozileta mbegu kutoka Meksiko, baada ya ndugu zao kwenda kule kuhubiri. Pilipili zote za jamii hii duniani, na za kwetu pia pamoja na mahindi na mihogo, asili yake ni Amerika. Hizi zilipata bahati ya kupandwa katika bonde lenye ukungu, udongo wa mto, na watawa wenye subira ya kuchagua mbegu kila mwaka. Zikageuka kuwa kitu kingine: ndogo, za kijani, urefu wa kidole, ngozi nyembamba, na huchumwa bado changa.

Asubuhi trekta zilipita zimepambwa maua na vikapu. Zumari zililia, gaita, zumari ya mfuko ambayo mtu asiyejua angedhani amefika Skotilandi. Chini ya mialoni wanaume walikuwa wameweka vikaango vikubwa kuliko sinia la pilau. Nilijibanza karibu na mmoja wao nione. Mafuta ya zeituni yalipokuwa ya moto, alitupia gao la pilipili kavu kabisa, maana tone moja la maji lingemrukia usoni. Zilipiga kelele. Akazigeuza kwa mwiko wenye matundu. Ngozi zikaanza kuvimba malengelenge, mengine meupe, mengine yakawa ya kahawia, kisha pilipili zikanywea kama zimekata tamaa. Hapo hapo akazitoa, akazimwagia chumvi ya mawe, akanisukumia sahani. Huhitaji kisu wala uma. Unashika kikonyo, unaitia yote mdomoni, unang'ata, unabaki na kikonyo.

Ya kwanza ilikuwa tamu, ina ladha ya majani na moshi. Ya pili vile vile. Ya tano ikanitoa machozi, na meza nzima ikacheka, kwa sababu huo ndio mchezo wenyewe: nyingine zinawasha, nyingine haziwashi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mkulima aliyekaa mkabala nami, jamaa wa makamo mwenye mikono iliyopasuka, alieleza kwamba ni suala la jua na maji. Mmea ukipata kiu na joto, matunda yanakuwa makali, ndiyo maana za Juni ni za watoto na za Septemba ni za majasiri. Nikamwambia kwamba kwetu za kuwasha ndizo tunazozitafuta, zisizowasha tunaziita hoho. Alifikiri kidogo, akasema nisubiri Septemba.

Kero yake ilikuwa nyingine. Pilipili zenye jina la Padrón sasa hulimwa Murcia, Moroko na kwingineko, na huuzwa madukani Ulaya nzima. Wakulima wa hapa walipotaka ulinzi wa kisheria wa jina la asili, hawakuweza kulipata kwa jina la Padrón, lilikuwa limeshashikwa katika biashara. Wakachukua la kijiji. Kwa hiyo pilipili halisi ya Padrón, kisheria, ni pilipili ya Herbón.

Kabla sijaondoka niliingia kwenye ua wa watawa, uliokuwa kimya na wenye kivuli. Humu aliishi katika karne ya 15 Juan Rodríguez del Padrón, mwandishi wa mapenzi aliyeishia kuvaa joho la utawa. Aliyemtangulia katika fani, Macías, naye mtu wa hapa, hakupata mwisho mzuri hivyo: husimuliwa kwamba alifungwa gerezani Andalusia kwa kumwimbia mke wa mtu, na mume akamrushia mkuki dirishani akiwa bado anaimba. Mji huu, kwa ukubwa wake, umezaa washairi kupita kiasi.

Espolón na Catoira

Jumapili Padrón huwa soko. Linaanzia Espolón, ile njia ya miti mirefu kando ya Sar yenye sanamu ya Rosalía upande mmoja na ya Cela upande wa pili, linatambaa mitaani hadi usijue limeishia wapi. Viatu, majembe, vifaranga, chupi, jibini lenye umbo la chuchu, miche ya kabichi iliyofungwa kwa ukili. Nilikwenda moja kwa moja kwa pweza. Mama mmoja mnene aliyejifunga aproni nyeupe alimtoa pweza kwenye sufuria ya shaba kwa kulabu, mvuke ukimfunika uso, akamkata kwa mkasi vipande vya duara vikidondokea kwenye sahani ya mbao, akanyunyiza chumvi, pilipili nyekundu ya unga, na mafuta. Muda wote alikuwa akibishana na mteja mwingine juu ya mpira, na mkasi haukukosea hata mara moja. Mzaliwa wa pwani ni mgumu kumsifia mtu pweza. Huyu nilimsifia, nikarudia sahani.

Mchana nikashuka na mto hadi Catoira. Hapo magofu ya minara iitwayo Torres de Oeste yamesimama kwenye mabwawa ya matete, mlangoni mwa Ulla. Ilikuwa ngome ya maaskofu dhidi ya wavamizi, na Xelmírez alilelewa ndani yake, babake akiwa mlinzi wake. Kila Jumapili ya kwanza ya Agosti wenyeji huigiza uvamizi huo: mashua za Kivikingi zilizoundwa kwa mfano wa zile za Denmark hupanda mto, wanaume waliojipaka masizi wanaruka majini na kunguruma, watetezi wanawasubiri ufukoni, na baada ya dakika chache za mapanga wote wamelowa mvinyo mwekundu, maana silaha halisi ya vita hivi ni mvinyo. Wametiana undugu na mji wa Frederikssund huko Denmark, kwa hiyo baadhi ya wavamizi ni Wadenishi wa kweli. Askofu Sisnando angeona maajabu. Nilikula kome waliochemshwa, nikarudi na shati la rangi ya zambarau.

Bonaval

Jumatatu nikafuata njia ya wote, ya kaskazini. Treni haichukui muda; mahujaji niliowaacha wakifunga viatu Padrón alfajiri bado walikuwa njiani nilipofika. Kaburi la Yakobo lilikuwa na foleni ya kuzunguka kanisa, nikaliachia wenye haja nalo zaidi. Nilipanda Bonaval, nje kidogo ya mji mkongwe. Rosalía amelazwa katika kanisa tulivu la iliyokuwa nyumba ya Wadominiko, kaburi la fahari, na mtu alikuwa ameacha shada la maua lenye utepe wa bluu na nyeupe, rangi za bendera ya Galicia. Katika bustani nje watoto walikuwa wakibingirika kwenye nyasi ambako zamani palikuwa makaburi.

Njaa ikanipeleka kwenye mkahawa karibu na kanisa kuu. Juu kabisa ya orodha ya vyakula waliandika pilipili za Padrón. Nikaagiza. Zilikuja kubwa kuliko za Herbón, ngozi nene, zote za saizi moja kama zimetoka kwenye mashine. Nikamuuliza mhudumu, kijana mwenye heshima zake, zimetoka wapi.

"Za Padrón, bwana."

"Padrón ipi?"

Akaenda jikoni kuuliza. Aliporudi alikuwa anatabasamu kwa aibu. "Moroko," akasema, na bila kuombwa akanipunguzia euro mbili.